Kamba ya Mzee Dhadho

Jumatatu, tarehe 9 Agosti 1954. Asubuhi hiyo ukungu ulilala juu ya mto hata baada ya jua kupanda, na manyunyu ya kusi yalianguka bila kelele, ya namna ile isiyotosha kulowesha shamba lakini inayotosha kulowesha mtu. Kadii alipanda ngazi ya dungu lake akiwa amejitanda kanga juu ya kanga, na bado alitetemeka.

Dungu lilikuwa jukwaa la miti, refu kupita mtu, limesimama kwenye mpaka wa mashamba mawili ya mpunga, chini kidogo ya kanisa la Golbanti. Upande wa kushoto lilikuwa shamba lake. Upande wa kulia lilikuwa shamba la Mzee Dhadho. Kutoka juu ya dungu zilitoka kamba za miyaa, zimetandazwa juu ya mpunga pande zote mbili, na kila kamba ilifungwa makopo na vipande vya madebe yaliyotoboka. Mtu akivuta, makopo yanapiga kelele na ndege wanaruka. Wakikaidi, kuna kombeo na vidonge vya udongo. Na juu ya hayo yote kuna sauti. Kila mtu aliyeamia ndege, kuwafukuza mpungani, pale ukingoni alikuwa na wito wake, na watu wa mashamba mengine walijua, hata katika ukungu, nani yuko macho na nani bado.

Kadii alivuta kamba za kushoto. Akavuta za kulia. Bega lilimuuma kama lililochomwa mwiba ndani ya mfupa. Mpunga ulikuwa umeanza kutia maziwa, na hizo ndizo siku ambazo ndege wadogo wenye midomo myekundu hawana haya kabisa.

"Bwana," aliomba, "nimechoka."

Akangoja neno lingine lije lifuate hilo. Halikuja. Basi akasema "Amina" na kushika kombeo.

"Kadii! Kadii we!"

Ilikuwa sauti ya Mzee Dhadho. Nyumba yake ilikuwa juu ya ukingo, nyuma ya shamba lake, na kila asubuhi alijikokota mpaka mlangoni, akakaa juu ya mkeka na kuanza kelele.

"Naam, Mzee."

"Umeamka, au umekuja kulala juu badala ya chini?"

"Nimeamka, Mzee."

"Basi waambie ndege, maana wao hawana habari. Wako kwenye kona yangu, pale penye mgomba. Wamekaa kama wamelipa kodi!"

Kadii akavuta kamba ya kona. Kundi likaruka, likazunguka, likaenda zake.

"Umechelewa," alisema Mzee Dhadho. "Marehemu mke wangu alikuwa mgonjwa na bado alikuwa na mkono mwepesi kuliko wako."

Kadii alitia kidonge kwenye kombeo. Alikwisha kujifunza kutojibu.

Mzee Dhadho hakuwa mtu wa Golbanti. Alikuwa Mwislamu kutoka juu ya mto, akaja kuoa huku, akabaki. Mke wake alifariki, na binti yake wa pekee, Esha, aliolewa Kilelengwani na hakuja mara nyingi. Miguu yake ilikuwa imekufa. Iliingiwa na baridi katika mafuriko ya miaka mitatu nyuma, yale ambayo watu wa pale hawakuhitaji kuyataja kwa mwaka. Walisema tu "yale maji", na kila mtu alijua.

Katika yale maji, mumewe Kadii, Buya, alichukua mtumbwi akamtoa Mzee Dhadho juu ya paa la nyumba yake ya zamani. Alimfikisha salama. Watu walikuwa wamesimama kwenye kilima cha kanisa wakiona. Mzee Dhadho, akitetemeka, alishika ukingo wa mtumbwi akalia, "Mbegu! Kapu la mbegu liko darini!" Buya akacheka. Kadii alikiona kile kicheko kwa macho yake. Buya akageuza mtumbwi, akarudi.

Gogo lililokuwa likichukuliwa na maji liliupiga mtumbwi ubavuni. Kapu lilipatikana kwenye matete huko chini, mfuniko wake umefungwa sawasawa. Buya alipatikana baadaye sana, naye hakuwa wa kutazamwa.

Mbegu zile zilikaushwa na kupandwa. Mpunga uliokuwa upande wa kulia wa dungu, huo ambao Kadii aliuvutia kamba tangu wakati ule, ulitoka katika lile kapu. Kila mtu alijua. Mzee Dhadho alijua. Hakuwahi kusema hata neno moja juu ya jambo hilo. Wala pole, wala ahsante.

* * *

Watu wa pale walikuwa na desturi yao. Mtu asipoweza kuamia ndege shambani mwake, kwa ugonjwa au uzee, jirani huweza kupokea kamba yake. Lakini haipokelewi kimya. Anayepokea husimama mpakani, akashika ncha ya kamba, akasema mbele ya watu wa mashamba ya jirani: "Nimepokea." Tangu siku hiyo haiachi mpaka mpunga ukatwe. Akishindwa, anairudisha vilevile, kwa sauti, mbele ya watu, ili mwenye shamba asikae akimtumainia mtu ambaye hayupo.

Kadii hakuwahi kusema "nimepokea". Msimu ule wa kwanza baada ya yale maji, alikuwa na kaniki ya msiba, na hakuna aliyetaka kumsimamisha mjane mbele ya watu. Aliona shamba la mzee liko wazi, akakumbuka kwamba ni Mkristo, akazipandisha kamba za mzee juu ya dungu lake bila kusema na mtu. Msimu uliofuata akafanya hivyo tena. Ikawa ni kawaida, kama vile jua lilivyo kawaida.

Jana yake, Jumapili, Mwalimu Nehemiah ndiye aliyehubiri. Huyu alikuwa mwalimu wa shule, na jioni aliwafundisha watu wazima kusoma. Katika darasa hilo Kadii alikuwa amefika mahali pa kusoma mstari bila kuufuata kwa kidole. Mwalimu alihubiri juu ya lile neno la mtume, kwamba tusichoke kutenda mema, maana wakati wa kuvuna utakuja. Alihubiri vizuri. Watu walitikisa vichwa. Kadii alikaa akitazama mikono yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikasirika kanisani.

Ibada ilipokwisha alimngoja mlangoni.

"Mwalimu."

"Mama Kadii, habari ya bega?"

"Linauma. Mwalimu, wewe umesoma. Huo wakati wa kuvuna ni lini?"

Mwalimu Nehemiah alikuwa mtu mwembamba mwenye koti lililochakaa viwikoni. Alitazama juu, akatazama chini.

"Sijui, Mama," alisema.

"Hujui?"

"Neno linasema utakuja. Halikusema lini. Ningejua ningekuambia."

"Na mtu akichoka kabla haujaja?"

"Nitaliombea jambo hili," alisema, na Kadii aliona kwamba hakusema hivyo ili amwondoe. Alisema hivyo kwa sababu hakuwa na jingine. Alikwenda nyumbani akiwa hana faraja, ila hakumchukia.

* * *

Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka wakati Mbodze alipopita chini ya dungu, akienda kwenye dungu lake mwenyewe. Mbodze alikuwa dada yake Buya, wifi yake Kadii. Mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kuuma.

"Wifi," aliita, "shuka unywe uji kidogo. Nimebeba kwenye kibuyu."

"Siwezi kushuka. Wako tele leo."

"Wako tele kwako, au wako tele kwa mume wako mpya?"

"Mbodze."

"Nasema uongo? Kila asubuhi ni yeye na wewe tu. Kadii! Kadii we! Watu wa ng'ambo wanadhani mmeoana. Na mahari hatukuona hata kuku."

Kadii alicheka bila kupenda, na kucheka kukalivuta bega likamuuma. Mbodze aliona uso wake. Akaweka kibuyu chini, akashika nguzo ya dungu.

"Wifi, nisikilize sasa sifanyi mzaha. Tazama shamba lako. Tazama tu."

Kadii alitazama. Upande wake mpunga ulikuwa mchache, na mashuke ya pembeni yalikuwa meupe, yamekwisha nyonywa na ndege.

"Mkono mmoja kwako, mkono mmoja kwake, na mkono wenyewe ni mgonjwa," alisema Mbodze. "Msimu uliopita ulikula nini kabla mvua haijaja? Ulikula mizizi ya mayungiyungi. Na yeye alikaa mlangoni akila wali. Wali wa kapu lile! Mimi ndugu yangu alikufa kwa ajili ya kapu lile, na kila nikipita hapa nauona mpunga wake umesimama, unapendeza, na wewe ndiwe unayeuchunga."

"Ni mgonjwa, Mbodze. Atakula nini?"

"Ana binti Kilelengwani. Ana Mungu wake pia. Nani alikusikia ukipokea ile kamba?"

Kadii alivuta kamba ya kushoto.

"Nani? Mimi sikukusikia. Mwalimu hakusikia. Hukusema. Basi huna deni na mtu. Ifungue tu, keti upumzike, chunga kilicho chako."

Akachukua kibuyu, akaenda zake. Baada ya muda kidogo wito wake ulisikika katika shamba la tatu, mkali, kama mwanamke anayefukuza mbuzi jikoni.

Kadii alikaa akiwa ameshika kamba za pande zote mbili mapajani. Alijaribu kuomba. Aliona tu kapu, na mfuniko uliofungwa sawasawa.

"Kadii!" sauti ya juu ya ukingo iliita. "Kadii we! Mkono umeingia kutu?"

Hakuitika. Aliinama, akafungua fundo la kamba za kulia, moja baada ya nyingine, akaziachia. Zilianguka juu ya mpunga, na makopo yakalia mara moja ya mwisho, yakanyamaza.

Kisha akageuka, akalipa shamba la Mzee Dhadho mgongo.

* * *

Kwanza alisikia raha. Bega lilipumzika. Alichunga upande mmoja tu, na alishangaa jinsi kazi ilivyo nyepesi. Nyuma yake ulisikika mvumo mdogo, halafu mvumo mkubwa, kama mvua inayokuja juu ya majani ya migomba. Ilikuwa ni mabawa.

"Kadii!" Mzee Dhadho aliita tena.

Hakuitika.

Alingoja tusi. Alilitaka tusi, ili apate kujibu hatimaye, aseme yote aliyoyameza. Lakini tusi halikuja. Juu ya ukingo palikuwa kimya.

Jua lilitoka, likafifia, manyunyu yakarudi. Kadii alivuta kamba zake. Hakugeuka. Aliwaza juu ya mambo mengine: kuni zilizolowa, somo la jioni, paa linalovuja. Akawa anarudia moyoni, "Sina deni na mtu," na kila alivyorudia ndivyo maneno yalivyozidi kuwa ya Mbodze na kupungua kuwa yake.

Ndipo akasikia wito.

"Hapa hakuna harusi! Hapa hakuna harusi!"

Kombeo lilimtoka mkononi. Huo ulikuwa wito wa Buya. Buya alisema ndege ni wageni wasioalikwa, wanaokuja kula pilau ya watu, na kila asubuhi alisimama juu ya dungu hili hili akiwapigia kelele: hapa hakuna harusi, nendeni mkaoane huko! Watu wa mashamba yote walikuwa wakicheka. Tangu alipokufa hakuna mtu aliyeutumia.

Kadii aligeuka. Shamba la kulia lilikuwa limefunikwa. Mashuke yameinama kwa uzito wa ndege, na kila mahali palikuwa pakitikisika. Katikati ya shamba, kilichoonekana cha mtu kilikuwa kichwa chenye kofia na mkono mmoja unaopanda na kushuka. Nyuma yake, kutoka ukingoni mpaka pale, mpunga ulikuwa umelala kwa mstari mmoja, kama palipopita kiboko. Alikuwa amejikokota kwa mikono.

"Hapa hakuna harusi!" Sauti ilikuwa imekauka. Alipiga sufuria kwa mwiko. Ndege walio karibu naye waliruka hatua mbili, wakakaa tena.

Kadii alishuka ngazi, akaingia shambani. Maji ya matope yalimfika magotini. Alipomfikia, Mzee Dhadho alikuwa amekaa ndani ya matope hadi kiunoni, midomo imekuwa ya kijivu.

"Usiite hivyo," Kadii alisema. Hakusalimu. "Hiyo ni sauti ya mume wangu."

Mzee hakugeuka. "Sina nyingine."

"Tafuta nyingine."

"Mimi mtu wa mahindi na ndizi. Huko kwetu juu hatukuamia mpunga. Nilipohamia hapa, Buya alinipandisha juu ya dungu. Nikamwuliza, sasa niwaambie nini hawa? Akanipa hiyo." Alipiga sufuria. "Sijaitumia tangu yale maji. Nilikuwa naona haya. Leo haya imeniishia."

Kadii alisimama. Ndege walipiga kelele pande zote.

"Mbona hukunitukana?" aliuliza. "Kila siku unanitukana. Leo nilipoacha kazi, ukanyamaza."

"Mtu anayefanya kazi unaweza kumtukana, atacheka au atakasirika, lakini atafanya. Aliyechoka utamwambia nini?" Alikohoa, na kikohozi kilikuwa kibaya. "Sikuwa nakutukana, mke wa Buya. Nilikuwa naita nisikie kama upo. Mume wako nilimtuma, akaenda, akanyamaza. Tangu hapo mtu akinyamaza mimi naogopa."

Kadii aliinama akamgusa paji la uso, nalo lilikuwa la moto kabisa ndani ya manyunyu yale ya baridi.

"Una homa."

"Ninayo tangu juzi."

"Na ukaingia majini!"

"Ningemtuma nani?" alisema Mzee Dhadho.

Wakati huo huo kundi lote liliruka kwa pamoja, likageuka hewani kama shuka linalokung'utwa, likashuka upande wa kushoto. Shamba la Kadii. Mtu yeyote wa mpunga angemwambia, naye alikuwa amejua tangu utoto na hasira tu ndiyo iliyomsahaulisha: ndege wakishaketi na kuonja mahali, hawajui mpaka wa mtu. Shamba moja likinyamaza linakuwa kiti, na kutoka kwenye kiti hicho wanakwenda kote.

Alilitazama dungu. Angekimbia angewahi, angeokoa walau nusu. Alimtazama mzee. Meno yake yalikuwa yakigongana.

"Nenda," alisema Mzee Dhadho. "Nenda, nenda. Shamba lako."

"Bwana, nimechoka," alisema Kadii kwa sauti, naye hakujua kama alikuwa akimwambia Mungu au mzee. Alivua kanga ya juu, akaipitisha chini ya makwapa ya mzee, akashika ncha zote mbili kwa mkono mzima, akaanza kumvuta. Alivuta, akapumzika, akavuta. Bega liliuma mpaka machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Nyuma yake alisikia mpunga wake ukiliwa, kwa sauti ndogo ndogo zisizohesabika, na hakusimama.

* * *

Mchana watu walikuja wakiwa na hasira. Ndege walikuwa wamefika mpaka shamba la Mbodze na la jirani yake, na palikuwa na mashamba mengine ambayo hayakubakiwa na shuke la maana. Walikusanyika mbele ya nyumba ya Mzee Dhadho, miguu yote matope, wanawake wameshika makombeo yao. Mwalimu Nehemiah alikuwa amefunga shule, akaja na mtumbwi wa kumpeleka mgonjwa Garsen kwa dawa. Mzee alilala mlangoni chini ya blanketi, na Kadii alikuwa amekaa kando yake akimnywesha maji kwa kata.

"Nani aliyeacha kamba?" aliuliza mwanamume mmoja. "Sisi sote tumesikia makopo ya shamba hili yamenyamaza. Nani?"

Mbodze alikuwa mbele. Alimtazama Kadii. Kisha akatazama chini, akaanza kukwangua matope kwenye kombeo lake kwa ukucha.

"Nauliza tena. Watoto wetu watakula nini?"

"Mimi," alisema Mzee Dhadho.

Wote walimgeukia. Alijaribu kuketi, akashindwa, akasema akiwa amelala.

"Kamba ni yangu. Shamba ni langu. Sikumkabidhi mtu. Kuna yeyote hapa aliyesikia mtu akiipokea?"

Manyunyu yaligonga makuti.

"Hakuna. Basi msitafute mwingine. Mimi ndiye niliyelala. Nilaumuni mimi, hata hivyo nimezoea."

Mtu mmoja alicheka kidogo, akaacha. Hasira ya watu ikawa haina pa kukaa, maana nani atamgombeza mzee asiyekuwa na miguu, mwenye homa? Walianza kugeuka. Mwanamume aliyeuliza akatema mate pembeni, akasema, "Ndivyo ilivyo basi."

Kadii bado alikuwa ameshika kata. Alielewa kwamba kama angekaa kimya, mambo yangekwisha. Hakuna aliyejua kwa hakika isipokuwa Mbodze, na Mbodze asingesema. Mzee Dhadho alikuwa amempa kitu, kwa mara ya kwanza tangu yale maji, na kitu chenyewe kilikuwa ni hicho: nafasi ya kwenda zake. Angeweza kukichukua. Alikuwa na haki ya kuchoka. Shamba lake lilikuwa limekwisha. Wakati wa kuvuna, kwake, mwaka huu hautakuja, na yale mengine aliyoyahubiri Mwalimu hakuyaona popote, si juu ya mto wala juu ya uso wa mtu.

Alimtazama Mwalimu Nehemiah. Naye alikuwa akimtazama, na katika macho yake hapakuwa na mahubiri. Alionekana mtu aliyeomba usiku kucha na bado hajajibiwa.

Kadii aliweka kata chini. Alitoka uani, akateremka ukingo, akaingia tena katika matope. Watu walisimama wakishangaa. Alitafuta kwa mikono chini ya mpunga uliolala mpaka akaipata kamba, akarudi nayo akiiburuta, makopo yakigongana nyuma yake. Mashuke yaliyobaki katika shamba lile yalikuwa machache, hapa na pale. Hayangejaza hata lile kapu.

Akasimama mbele ya mlango, ncha ya kamba mkononi.

"Mzee amesema uongo," alisema. "Kamba hii nimeivuta mimi tangu yale maji, na leo asubuhi nimeifungua mimi. Sikuwaambia. Niliifungua kimya kimya, nikamwacha mgonjwa akidhani nipo. Njaa itakayokuja ni kwa mkono wangu, mtaniambia mtakavyo."

"Wifi, nyamaza," alisema Mbodze kwa sauti ya chini. "Ni mimi niliye—"

"Wewe ulisema. Aliyefungua ni mimi."

Mzee Dhadho alikuwa ameinua kichwa. "We mwanamke," alisema, "hujui kunyamaza hata ukipewa bure?"

"Sijui, Mzee. Ulisema nikinyamaza unaogopa."

Mzee akafumba macho. Midomo yake ilitikisika, lakini safari hii halikutoka tusi.

Kadii alishika kamba kwa mikono miwili, ule mzima na ule mgonjwa, akaiinua mpaka kifuani ili wote waione.

"Mmenisikia nyote? Mwalimu, Mbodze, na ninyi jirani zangu. Mimi Kadii, mke wa Buya, nimepokea kamba ya Mzee Dhadho. Nimeipokea mwaka huu kwa haya machache yaliyobaki, na mwaka ujao kama yupo na kama hayupo, mpaka Esha mwanawe aje aichukue mkononi mwangu. Sisemi kwamba sitachoka. Nimechoka hata sasa. Lakini nikichoka nitawaita mchana, nitasema mbele yenu nimechoka, mtu anishike mkono. Sitaifungua tena kimya. Mungu ananisikia, nanyi mmenisikia. Nimepokea."